Mabepari wa Venisi Walikuwa Wangapi?

Mwaka 1984, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, nilicheza Shylock. Darasa zima tulikuwa na nakala nne tu za *Mabepari wa Venisi*, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na mbili kati ya hizo hazikuwa na jalada. Mwalimu wetu wa Kiswahili alichukua onyesho la mahakamani, akalipunguza, akatugawia sehemu. Mimi nilipewa Shylock kwa sababu nilikuwa na sauti ya kukwaruza na sikuona haya mbele za watu. Joho nilishonewa kwa pazia kuukuu la bwalo. Kisu kilitoka jikoni. Mizani, ile ya sahani mbili na mawe yake, tuliazima dukani kwa baba wa mwenzetu mmoja wa darasani, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, ambaye familia yake ilikuwa na duka la rejareja karibu na stendi ya mabasi.

Wa umri wangu wanakumbuka siku hizo. Mwaka uliotangulia, 1983, serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vya foleni. Maduka yalipekuliwa, na neno "mlanguzi" lilikuwa midomoni mwa kila mtoto. Basi siku ya onyesho, bila kuelekezwa na mtu, nikamsemesha Shylock kwa lafudhi ya mwenye duka. Unaijua lafudhi hiyo, sina haja ya kuiandika. Bwalo zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani. Mwenzetu wa mizani alikuwa amekaa safu ya tatu.

Jioni alikuja nyuma ya bwalo kuchukua mizani yao. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Aliniambia hivi tu: "Bwana, nyumbani sisi tunasema *vepari*. Ni mtu wa biashara tu. Hata mama yako na dagaa zake ni vepari."

Miaka arobaini imepita na maneno hayo bado ninayo. Mwaka huu nimeisoma tena tamthilia yote, safari hii mpaka mwisho, nikakuta kwamba yule kijana wa miaka kumi na saba alikuwa ameishika kwa usahihi kuliko mimi niliyeigiza. Ninachotaka kukisema kinahusu neno moja kwenye jalada, na hasa silabi yake ya kwanza: *ma*.

Jina la Kiingereza la tamthilia hii lina mfanyabiashara mmoja tu. Ukimuuliza mtu ambaye hajaisoma kwamba huyo mmoja ni nani, mara nyingi atakujibu: Shylock, yule mkopeshaji. Sivyo. Mfanyabiashara wa kwenye jina ni Antonio, mwenye meli, anayemdhamini rafiki yake Bassanio kwa mkopo wa dukati 3,000 wa miezi mitatu na kuweka ratili moja ya nyama ya mwili wake kuwa dhamana. Lakini mkanganyiko huu wala si wa wasomaji wavivu wa leo. Mwaka 1598, tamthilia ilipoandikishwa katika daftari la wachapaji wa London, iliandikishwa kwa majina mawili: la mfanyabiashara wa Venisi, na "kwa jina jingine" la Myahudi wa Venisi. Miaka miwili baadaye, 1600, ilipochapwa, ukurasa wa jina ulitangaza pia ukatili wa Shylock ili kuvuta wanunuzi. Kumbe tangu mwanzo watu hawakukubaliana hii ni hadithi ya nani.

Mwalimu aliitoa tafsiri yake mwaka 1969, kupitia Oxford University Press. Alikuwa amekwisha kumtafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka huohuo wa 1969 akaitoa upya akiwa ameirekebisha. Kilikuwa kipindi cha namna hiyo. Samuel Mushi naye alitoa *Makbeth* mwaka 1968, kisha *Tufani*. Watu walikuwa wanakipima Kiswahili waone kama kitabeba mzigo mzito. Kwenye jina, Mwalimu angeweza kuandika "mfanyabiashara", neno la kawaida lisilo na kisa. Angeweza kuandika "tajiri". Akaandika "mabepari". Wingi.

Bepari ni neno lililovuka bahari. Limetoka Gujarati pamoja na wafanyabiashara wenyewe, na kwa muda mrefu pwani lilimaanisha mtu anayenunua na kuuza, basi. Siasa ndiyo iliyolitia sumu. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na "ubepari" ukawa mfumo wa kupigwa vita, na bepari akawa mnyonyaji, mtu wa kuchorwa katika katuni akiwa na kitambi. Mwaka 1969 neno lilikuwa na maana zote mbili, ya zamani na ya mpya, na yeyote aliyekishika kitabu alizisikia zote. Mwandishi wa tafsiri ndiye aliyekuwa mwandishi wa siasa yenyewe. Siamini kwamba neno lilimponyoka.

Hebu tuusome mchezo kwa jina hilo tuone kama linasimama.

Linasimama, tena vizuri. Mchukue Antonio. Sisi tulifundishwa kwamba Antonio ni mwema: anakopesha bila riba, yuko tayari kufa kwa ajili ya rafiki. Lakini Shylock anapozipiga hesabu mali zake, meli moja iko Tripoli, nyingine India, ya tatu Mexico, ya nne Uingereza. Huyo si mtu wa genge. Mali yake yote iko majini, na faida yake inatokana na kununua rahisi huku na kuuza ghali kule. Kukopesha bure hakumfilisi, kwa kuwa hali kwa kukopesha. Tena kunashusha kiwango cha riba mjini, na Shylock mwenyewe, akisema peke yake, anakiri kwamba jambo hilo linamuuma zaidi hata kuliko tofauti ya dini. Maana yake wanagombea soko. Anayeishi kwa riba na anayeishi kwa faida ya bidhaa wamegongana mahali pamoja, na mmoja wao anajiita msafi.

Mchukue Bassanio. Ametapanya mali yake, ana madeni, na mpango wake wa kuyalipa ni kumuoa msichana tajiri. Anamweleza Antonio mpango huo kama anayemweleza mdhamini wa biashara, kwamba amenipoteza mshale mmoja, nipe wa pili nirushe upande uleule nivipate vyote. Uzuri wa Portia anautaja, na tabia yake njema pia, lakini urithi wake ndio unaotangulia. Pale Belmont wachumba wanachagua kati ya masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na baba aliyekwisha kufa ndiye aliyeiweka bahati nasibu hiyo. Mwana anatolewa kwa kanuni za baba kama mali iliyofungiwa kwenye hati.

Halafu kuna mlango wa mahakama. Portia anaingia amevaa kama wakili mwanamume, na swali lake la kwanza karibu ni hili: kati ya watu hawa wawili, yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi? Shuleni tulilikata swali hilo. Mwalimu aliona linapoteza muda, kwa sababu jibu liko wazi, si mmoja ana joho la pazia na ndevu za katani? Lakini yeye hawezi kuwatofautisha, au anajifanya hawezi. Shakespeare amemwekea swali hilo kinywani mwanzoni kabisa, kabla ya hoja yoyote ya sheria. Ukiwa na jalada la Mwalimu mkononi, swali limejibiwa kabla hujafungua ukurasa: wote wawili, binti yangu, na wengine wamekaa hapo nyuma.

Na Shylock mwenyewe analisema. Wanapomsihi awe na huruma, anawageuzia kibao. Ninyi mna watumwa mliowanunua, anawaambia, mnawatumia kama punda na mbwa. Je, niwaambie muwaache huru, muwaozeshe watoto wenu? Mtanijibu kwamba watumwa ni mali yenu. Basi na mimi ratili hii nimeinunua kwa ghali, ni yangu. Hakuna anayemjibu. Soma tena onyesho lote, hutapata anayemjibu. Mtawala anazungumzia kuahirisha kesi. Kwa msomaji wa pwani yetu hapo pana uzito ambao pengine msomaji wa London hausikii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria visiwani mwaka 1897. Bibi zetu waliwajua watu waliokuwa na bei. Onyesho hilo peke yake linatosha kuutetea wingi wa Mwalimu: kama kumiliki nyama ya mtu ni dhambi ya bepari, Venisi nzima ina hati zake kabatini.

Mpaka hapo mimi ni mfuasi wa jalada. Sasa nianze kugombana nalo.

Jina la *Mabepari* linatueleza kwa nini watu hawa wanafanana. Halituelezi kwa nini mmoja peke yake ndiye anayetoka mlangoni bila kitu. Wengi tunakumbuka kwamba Portia alishinda kwa hila ya damu: hati inasema nyama, haikutaja damu, kwa hiyo kata lakini usimwage tone. Hila hiyo inamzuia Shylock, haimwangamizi. Akitaka anaweza kufunga mizani yake akaenda zake, na anaanza kwenda. Hapo ndipo Portia anapomwita arudi. Kuna sheria nyingine ya Venisi, anasema: mgeni akithibitika kutafuta uhai wa raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa yule raia, nusu kwa hazina ya serikali, na roho yake iko mikononi mwa mtawala.

Mgeni. Raia. Tangu mwanzo wa mchezo maneno hayo yalikuwa yamelala, na sasa yanaamka mara moja. Mtu huyu anaishi Venisi, ana nyumba, ana binti aliyemlea hapo, ana mke aliyemzika, ana sinagogi lake, anawakopesha mabwana wa mji. Kesi nzima wamemtaja kwa dini yake. Ilipofika kumnyang'anya, wakamtaja kwa uraia. Kama kosa lake lingekuwa ubepari, Antonio angesimama kizimbani pembeni yake. Badala yake Antonio anaulizwa atamwonea huruma gani, na huruma yake ni kwamba nusu ya mali aishike yeye mpaka Shylock afe, kisha aipate kijana aliyemtorosha binti yake. Na kwamba Shylock abatizwe. Tulipokuwa wanafunzi hilo la kubatizwa lilichekesha kuliko yote. Hebu jaribu kulisoma ukimfikiria mzee wako mwenyewe, msikitini au kanisani kwake, analazimishwa mbele ya mahakama kubadili dini au afe.

Hali halisi ya Venisi haikuwa mbali na mchezo. Mwaka 1516 Wayahudi wa mji ule walipangiwa kisiwa kimoja chenye mageti yaliyofungwa usiku. Ndipo neno *ghetto* lilipoanzia. Walivaa alama ya kuwatofautisha. Waliruhusiwa kukaa kwa kibali cha muda kilichohuishwa kila baada ya miaka kadhaa, na sharti mojawapo la kibali lilikuwa kuendesha maduka ya rehani kwa ajili ya maskini wa mji. Yaani mji uliwataka wakopeshe, kisha ukawadharau kwa kukopesha. Shakespeare hakuutaja mtaa huo hata mara moja. Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi mwaka 1290, na haikuwapokea tena hadi mwaka 1656, kwa hiyo watazamaji wake wengi walimjua Myahudi kwa hadithi tu, na kwa kesi ya Roderigo Lopez, daktari wa Malkia mwenye asili ya Kiyahudi wa Ureno, aliyenyongwa mwaka 1594. Riba, kwa upande mwingine, waliijua vizuri sana. Baba yake Shakespeare mwenyewe alishtakiwa kwa kutoza riba mwaka 1570. Hakuwa mgeni, na hakuna aliyeandika mchezo juu yake.

Jukwaani, kila zama imemtengeneza Shylock inayemtaka. Kwa muda mrefu alikuwa kichekesho, mpaka Charles Macklin alipomfanya wa kutisha mwaka 1741. Edmund Kean, mwaka 1814, aliingia na wigi jeusi badala ya lile jekundu lililozoeleka, na watazamaji wakaanza kumwona mtu. Mwaka 1903, New York, Jacob Adler alimcheza kwa Kiyidi huku wenzake wote jukwaani wakisema Kiingereza. Ninampenda huyo bila kumwona: mgeni halisi, kwa lugha ya wageni, katikati ya mahakama isiyomwelewa. Na mwaka 1943, Vienna, chini ya Wanazi, Werner Krauss alimcheza kama kinyago cha kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji huo walikuwa wamekwisha kupelekwa kuuawa. Maneno ya mwandishi ni yaleyale. Lafudhi na mwendo wa mwigizaji ndivyo vilivyofanya kazi.

Nalijua hilo kwa sababu ndilo nililofanya mimi, kwa kipimo changu kidogo, kwa joho la pazia.

Na sikulibuni. Afrika Mashariki ilikuwa na picha yake tayari. Unguja, mashamba ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa wafadhili wa Kihindi kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikaweka sheria za kuzuia ardhi isihamie kwao, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia biashara ya karafuu. Deni lilikuwa la kweli, sitaki kujifanya halikuwepo. Mkulima aliyepoteza shamba hakuwa anaota. Lakini angalia jinsi hesabu inavyofanywa: mkopeshaji mmoja akikubana, kabila lake zima linaingia daftarini. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Shtaka lilikuwa la uchumi, silaha ikawa uraia, hata kwa wengi walioushika uraia wa Uganda. Ni sehemu ya nne ya *Mabepari* ikichezwa uwanja wa ndege wa Entebbe.

Mwalimu aliliona hilo mapema. Siku chache tu baada ya Azimio, Februari 1967, aliandika gazetini makala kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi, na kwamba mtu apimwe kwa anachofanya, si kwa asili yake. Nikiiweka makala hiyo karibu na jalada la 1969, naona mkono mmoja. Wingi ule ulikuwa njia ya kutuzuia tusimtazame Shylock peke yake. Ndiyo maana nasema nagombana na jalada, silikatai. Alitaka tuone tabaka. Sisi bwaloni tulikuwa na jalada hilohilo mkononi, na bado tukaona kabila. Neno "bepari" lenyewe, lililotakiwa kututoa huko, lilikuwa limekwisha kuvalishwa sura ya mtu wa dukani, na wingi haukuivua.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza. Watu weusi wamo ndani ya mchezo huu, na shuleni hatukuambiwa. Mwana wa mfalme wa Morocco anakuja kumposa Portia, na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Anachagua sanduku la dhahabu, anakosa, na akishatoka Portia anatamani kila mwenye rangi ile achague vivyo hivyo. Portia yuleyule wa hotuba ya huruma. Na katika sehemu ya tatu kuna utani wa mistari michache kuhusu mwanamke Mmoor aliyepewa mimba na mtumishi Launcelot. Haonekani jukwaani. Hana jina. Hakuna anayemuuliza lolote. Kama tungefika hapo, sijui ningemsemesha kwa lafudhi ya nani.

Jioni ile ya 1984 mizani ilikuwa nzito, na mawe yalikuwa kwenye kikapu, kwa hiyo nilimsaidia mwenzangu kuirudisha. Hatukuongea njia nzima. Baba yake alikuwa anafunga milango ya duka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mchezo umekwendaje?"

Nikamtazama mwanawe. Alikuwa ameinama anayapanga mawe kwenye rafu, dogo baada ya kubwa.

"Umekwenda vizuri, mzee."

"Watu walifurahi?"

"Walifurahi sana."

Mzee akatabasamu. Akaiweka mizani juu ya kaunta, akachukua jiwe la kilo akaliweka sahani hii, na pakiti ya kilo ya chumvi sahani ile, akasubiri mpaka zikatulia, kuhakikisha kwamba hatukuiharibu.